Mbona utafiti unawapiga chenga madaktari wetu wahadhiri?

DAKTARI bingwa anayefundisha katika chuo kikuu ana kazi tatu. Anatibu wagonjwa, anafundisha wanafunzi na anatarajiwa kufanya utafiti. Kazi mbili za kwanza zina watu wanaomngoja mlangoni. Ya tatu haina anayebisha hodi. Kwa hivyo siku inapokuwa fupi, hiyo ndiyo huachwa.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu ameshika matatu. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua hawezi kuambiwa asubiri daktari amalize kuandika makala. Wanafunzi nao wana mtihani ambao tarehe yake imekwisha kupangwa. Lakini swali la utafiti linaweza kungoja wiki, likangoja mwezi, likangoja mwaka, na hatimaye likasahaulika kabisa.

Huenda wewe msomaji ukajiuliza: kwani kuna hasara gani? Si bora daktari atibu watu na kuwaachia wengine mambo ya vitabu? Hasara ipo, na anayeilipa ni mgonjwa.

Maji yaliyodhaniwa kuwa tiba

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilivyoandikwa katika nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto mwenye maradhi makali ya homa, ambaye damu yake haizunguki vizuri mwilini, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Madaktari wa Afrika walisoma hivyo na wakajitahidi kufanya hivyo. Hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo kikamilifu kwa watoto wa hapa, wanaolazwa wakiwa na malaria na upungufu wa damu, katika wadi zisizo na mashine za kuwasaidia kupumua.

Kati ya 2009 na 2011 madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Uingereza walilipima. Kazi ilifanywa katika hospitali sita: moja Kilifi, moja Muheza nchini Tanzania, na nne nchini Uganda. Aliyeongoza ni Profesa Kathryn Maitland, bingwa wa magonjwa ya watoto ambaye amefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalitiwa maji kwa haraka, kila moja kwa aina yake ya maji. La tatu halikutiwa maji ya haraka, bali liliendelea na matibabu mengine ya kawaida.

Matokeo yaliwashangaza hata watafiti wenyewe. Katika saa 48 za kwanza, takriban watoto 11 kati ya kila 100 waliotiwa maji ya haraka walifariki. Katika kundi ambalo halikutiwa, waliofariki walikuwa kama saba kati ya 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa Mei 2011.

Mzazi asije akaelewa vibaya. Utafiti huu haukuhusu mtoto anayehara na kutapika, ambaye kweli anahitaji maji na anapaswa kupewa. Ulihusu watoto wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Lakini unaonyesha wazi kwamba kuna maswali ambayo hayawezi kujibiwa London au Chicago kwa niaba yetu. Lazima yajibiwe kando ya kitanda cha mgonjwa wa hapa, na daktari anayemjua.

Ikiwa ni hivyo, ni nini humwezesha daktari mmoja kujibu maswali kama hayo huku mwenzake, mwenye akili na elimu sawa, akistaafu bila kujibu hata moja?

Saa zitoke wapi?

Jambo la kwanza ni muda. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967. Kwa takriban miaka 20 hapakuwa na shule nyingine ya udaktari nchini, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipofungua yake mjini Eldoret. Leo ziko nyingi, za umma na za binafsi. Kufungua darasa jipya huchukua mwaka mmoja au miwili. Kumpata bingwa wa upasuaji wa kulifundisha huchukua zaidi ya miaka kumi. Basi wale wale waliopo ndio hubebeshwa mzigo.

Hebu fikiria juma la mhadhiri wa aina hiyo. Jumatatu anazunguka wadi pamoja na wanafunzi. Jumanne ana kliniki ya wagonjwa wa nje, na foleni imefika nje ya jengo. Jumatano yuko katika chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Alhamisi ana mihadhara na mkutano wa idara. Ijumaa anasahihisha karatasi. Usiku ana zamu ya kuitwa wakati wowote. Jioni kadhaa na Jumamosi yuko katika kliniki yake ya kibinafsi mjini.

Hii kliniki ya jioni ndiyo watu wengi huilaumu. Lakini tuseme kweli. Daktari naye ana karo ya watoto, ana nyumba na ana wazazi kijijini. Saa moja ya kliniki humlipa leo hii. Saa moja ya kuandika makala haimlipi leo, na huenda isimlipe kamwe. Mtu yeyote akiwekewa mizani hiyo, utajua itainamia wapi.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa kununua muda wa daktari. Nchini Marekani, Taasisi za Kitaifa za Afya hutoa ruzuku kwa madaktari chipukizi kwa sharti kwamba angalau asilimia 75 ya muda wao wa kazi iende kwenye utafiti na mafunzo yake. Chuo hakiwezi kumchukua daktari huyo na kumjazia zamu. Hapa kwetu muda wa utafiti mara nyingi umeandikwa katika barua ya kuajiriwa tu, na katika ratiba haumo.

Fauka ya hayo, kuna migomo. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, hadi Machi 2017. Mwingine wa 2024 ulidumu siku 56. Madai ya madaktari yalikuwa na msingi wake, na makala haya hayaamui ugomvi huo. Lakini wadi za umma zikifungwa, mtafiti aliyekuwa akiwafuatilia wagonjwa kwa miezi sita huwapoteza kwa majuma mawili.

Kukosa wa kumshika mkono

Jambo la pili ni mlezi. Utafiti ni ufundi, na ufundi hufunzwa kwa kutenda kando ya fundi. Hakuna aliyejifunza kushona jeraha kwa kusoma kitabu. Vivyo hivyo, hakuna anayejua kuuliza swali linaloweza kupimika, kuhesabu idadi ya wagonjwa wanaohitajika, au kujibu ukali wa wahariri wa jarida, bila kumwona mwingine akifanya hivyo.

Kila daktari anayesomea shahada ya uzamili ili awe bingwa huandika tasnifu. Anatafuta swali, anaomba kibali, anakusanya takwimu kutoka kwa wagonjwa halisi, anachanganua na kuandika. Baadaye anahitimu, anatumwa katika hospitali ya kaunti, na tasnifu inabaki katika rafu ya maktaba au katika hazina ya chuo kwenye intaneti. Nyingi huishia papo hapo. Hazigeuki kuwa makala ya jarida, wala matokeo yake hayafiki kwa muuguzi wa zahanati ambaye yangemfaa.

Tatizo mara nyingi haliko kwa mwanafunzi. Msimamizi wake ana wanafunzi wengi, ana wadi na ana kamati. Akishatia sahihi tasnifu, kazi imekwisha machoni pa chuo. Kuigeuza kuwa makala kungehitaji miezi mingine mitatu ya kazi ya watu wawili, na hakuna aliyetengewa miezi hiyo.

Pale palipowekwa walezi, mambo yamekuwa tofauti. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa dola milioni 130 za kuimarisha mafunzo ya udaktari na utafiti katika taasisi 13 za nchi 12 za Afrika. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa miongoni mwake. Mwaka 2008 vyuo na taasisi kadhaa za Afrika zilikuwa zimeungana katika mpango uitwao CARTA, ambao makao yake yako Nairobi, ili wahadhiri wasomee shahada ya uzamifu wakiwa chini ya uangalizi wa karibu na bila kuhama bara. Somo la mipango kama hii ni moja: pesa peke yake hazimtoi mtafiti. Anatolewa na mtafiti mwingine mwenye subira.

Mali bila daftari

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari, na ndivyo ilivyo kwa magonjwa. Hospitali ambayo faili zake hupotea haiwezi kujua ni wagonjwa wangapi iliwatibu, wala ni wangapi walipona.

Mfano mzuri uko kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Hakuridhika kutibu na kupita. Alirudi Mulago akapekua faili za watoto wengine, na akagundua kwamba uvimbe wa taya mara nyingi uliambatana na uvimbe wa sehemu nyingine za mwili. Ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari zake.

Burkitt hakuwa na maabara kubwa. Alichokuwa nacho ni swali, wenzake wa kushauriana, na hospitali iliyokuwa ikiandika. Daftari la wagonjwa wa saratani la Kampala lilikuwa limeanzishwa tangu 1951. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kwa takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza katika makumi ya hospitali kama ugonjwa ule ulikuwapo. Mwaka 1964 watafiti mjini London walipata kirusi kipya katika chembechembe za uvimbe uliotoka Uganda. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Saratani yenyewe hadi leo inaitwa kwa jina la Burkitt.

Humu nchini, Kilifi imefuata njia ya daftari. Kituo cha utafiti cha KEMRI na wakfu wa Wellcome kilianza 1989 katika hospitali ya wilaya ya kawaida. Tangu 2000, watu wa eneo linaloizunguka wamekuwa wakihesabiwa mara kwa mara: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Ndipo ilipowezekana kuonyesha kwamba baada ya chanjo ya nimonia kuanza kutolewa 2011, maradhi makali yanayosababishwa na aina za vijidudu zinazolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bila daftari, tungebaki kusema tu kwamba watoto wanaonekana kuwa na nafuu.

Mwaka 2013 ulianza mtandao unaounganisha wadi za watoto katika hospitali zaidi ya kumi za umma nchini. Zote zilikubaliana kutumia fomu moja ya kumlaza mtoto. Karatasi hiyo ni kitu kidogo, lakini humwezesha daktari aliye mbali na Nairobi kuuliza swali na kupata jibu kutokana na kazi yake ya kila siku.

Anayelipa ndiye huuliza

Jambo la nne ni fedha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kutaja asilimia mbili ya pato la taifa kuwa kiwango cha kuitengea. Kiwango hicho hakijafikiwa. Kwa hivyo sehemu kubwa ya utafiti wa tiba nchini hutegemea wafadhili wa ng'ambo.

Si haki kuwabeza wafadhili. Ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, ulioanza 1980 kwa kuchunguza magonjwa ya zinaa, ulizaa matunda makubwa. Wanawake waliofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani, walifuatiliwa kwa miaka mingi, na ikagunduliwa kwamba baadhi yao hawakuambukizwa HIV licha ya kuwa hatarini kila siku. Mwaka 2001 majaribio ya kwanza ya chanjo ya HIV humu nchini yalianza, yakiongozwa na Profesa Job Bwayo. Chanjo ile haikufaulu, lakini maabara na wataalamu walibaki nchini. Huko Kisumu, utafiti wa wanaume 2,784, ambao Profesa Jeckoniah Ndinya-Achola wa Nairobi alishiriki kuuongoza, ulikuwa miongoni mwa zile tafiti tatu za Afrika zilizothibitisha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa HIV.

Hata hivyo, mfadhili huja na swali lake. HIV, malaria na kifua kikuu hupata wafadhili kwa urahisi zaidi. Daktari wa mifupa anayetaka kujua jinsi bora ya kutibu miguu iliyovunjwa na bodaboda, au bingwa wa ngozi anayehangaika na watoto walioungua kwa uji wa moto, hubisha milango mingi. Hao ndio hukata tamaa mapema, ilhali wadi zao zimejaa.

Isitoshe, kabla ya kuanza, mtafiti anahitaji kibali cha kamati ya maadili, leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, na ruhusa ya hospitali au kaunti. Kila hatua ina sababu yake, kwani mgonjwa lazima alindwe. Lakini kila hatua pia ina karatasi zake, ada yake na siku zake za kungoja.

Cheo hutolewa kwa hesabu

Jambo la tano ni tuzo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo wa kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, ambao unatilia mkazo machapisho. Hilo limewasukuma wengi kuandika. Lakini palipo na hesabu ya karatasi, pana hatari ya mtu kuandika ili ahesabiwe. Majarida ya ulaghai, ambayo huchapisha chochote mradi mwandishi alipe, yamewanasa wahadhiri kote duniani. Majarida ya haki nayo, yale yanayosomwa bure kwenye intaneti, mara nyingi humtoza mwandishi zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja. Mhadhiri asiye na ruzuku atazitoa wapi?

Tuna majarida yetu, likiwemo lile la madaktari wa Afrika Mashariki ambalo mizizi yake ni ya miaka ya 1920. Yakisaidiwa, yanaweza kuwa uwanja wa kwanza wa daktari chipukizi.

Pia kuna suala la wanawake, ambalo aghalabu hupuuzwa. Miaka ya kusomea ubingwa na kuanza utafiti ndiyo miaka ya kuzaa na kulea. Mwanamume huandika makala yake usiku watoto wakiwa wamelala. Mwanamke mara nyingi ndiye anayewalaza. Idara isiyolifikiria hilo inapoteza nusu ya vipaji vyake, kisha inashangaa kwa nini maprofesa wake karibu wote ni wanaume.

Nini kifanyike?

Baadhi ya tiba za ugonjwa huu si ghali. Idara yenye mabingwa sita inaweza kupanga zamu ili kila mmoja apate siku moja kamili ya utafiti kila juma, na siku hiyo iheshimiwe kama siku ya upasuaji inavyoheshimiwa. Chuo kinaweza kumhesabia msimamizi tasnifu iliyochapishwa badala ya tasnifu iliyotiwa sahihi tu. Hospitali inaweza kuajiri mtakwimu mmoja wa kuwasaidia madaktari wote. Kaunti zinaweza kudai fomu moja ya kulaza wagonjwa.

Wewe msomaji nawe una nafasi yako, kwani bila wagonjwa hakuna utafiti wa tiba. Ukiombwa kushiriki, uliza maswali haya kabla ya kutia sahihi:

Utafiti huu unatafuta jibu gani? Ni kamati gani ya maadili iliyouidhinisha? Nitafanyiwa nini zaidi ya matibabu ya kawaida, na kuna hatari gani? Nikikataa, au nikijiondoa katikati, matibabu yangu yataendelea? Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe ndiyo. Habari zangu zitawekwa wapi, na nani ataziona?

Kisha uliza moja zaidi, ambalo wengi husahau: matokeo yakitoka, nitaambiwa lini? Aliyetoa damu yake ana haki ya kujua ilionyesha nini. Na daktari anayejua kwamba kuna mtu kijijini anangoja jibu lake hataliacha kwa urahisi likae rafuni.